Mbwa anayetafuna kwa nguvu: namna ya kumchagulia mdoli usiomvunja meno wala kumkaba koo

Kile kipande cha jino nilikikuta asubuhi nafagia baraza nikadhani ni kigae. Kikubwa kama ukucha wa kidole cha mwisho, upande mmoja cheupe, upande mwingine cha njano, nikakizoa nikatupa. Siku kama kumi baadaye ndo naona mbwa wangu Jeshi anakula kwa upande, anainamisha kichwa kushoto na wali unadondoka, halafu mdomo ukaanza kunuka samaki wa jana. Daktari wa mifugo alivyomfunua tu akaniuliza, "Huyu unampa mifupa?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, ndio dokta, muundi wa ng'ombe kila Jumamosi, huyu ana meno ya chuma.

Dokta hakucheka. Akanionyesha gego kubwa la juu upande wa kulia, ubapa mzima wa pembeni umebanduka na katikati kuna kidoa cha pinki. Akasema hicho ndo kiini cha jino, kiko wazi, na mbwa ameumia muda mrefu ila mbwa hasemi, anaendelea kula hivyo hivyo. Likang'olewa kwa nusu kaputi maana lina mizizi mitatu, sio la kushika na koleo ukamaliza, na bili yake ilikaribia kodi yangu ya nyumba ya mwezi.

Kosa langu wengi wenye mbwa wakubwa tunalo. Unaona mbwa ana nguvu, basi unamtafutia kitu kigumu kumshinda. Kumbe ni kinyume, mbwa wa namna hiyo anataka kitu kinachobonyea halafu kinarudi, kwa sababu jino likikutana na kitu kisichobonyea lazima kimoja kivunjike, na meno 42 ya mbwa mkubwa hakuna hata moja linaloota tena likitoka. Nitakuwa nasema mdoli, ingawa wenye maduka wanaita toi, na nikisema raba namaanisha mpira ule wa kuvutika, sio mpira wa kuchezea, maana hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya wenyewe.

Hatua ya 1: Mtazame anavyotafuna kabla hujaenda dukani

Chukua boksi la karatasi, la sabuni au la biskuti, toa selotepu na pini zote, mpe, ukae naye robo saa. Usimfundishe kitu, we tazama tu.

Wapo wachanaji. Wanakanyaga boksi kwa miguu ya mbele, wanavuta na meno ya mbele, wanatema, baraza lote takataka na wenyewe roho kwatu. Wapo wasagaji, hawa wanakipeleka kitu pembeni ya mdomo kwenye magego, macho nusu yamefumba, unasikia kru kru kru, na hawa ndo wanaopasua meno kama Jeshi. Halafu kuna wamezaji, kundi ninaloliogopa kuliko yote, akipata kipande kinachopita kooni hatafuni tena, kimeenda, na ukimkimbilia ndo anameza haraka zaidi usimnyang'anye.

Mchanaji unaweza kumpunguzia gharama, maboksi yanamtosha siku nyingi. Msagaji anataka raba nene. Mmezaji apewe kitu kimoja kikubwa kisicho na viungo wala mapambo, basi, na vile vya kutafuna vinavyolika vikapungua kidogo kidogo usimpe kabisa, kwa sababu kikibaki kifupi kama kidole atakimeza kizima.

Angalia na umri. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto na anayabadilisha kuanzia kama miezi mitatu au minne mpaka sita au saba, kipindi hicho fizi zinamuwasha na atatafuna hadi mguu wa kiti, ila meno yenyewe ni membamba, apewe raba laini kabisa au kitambaa kizito kilicholowa na kulazwa friza, na ukae naye. Mbwa mzee naye hivyo hivyo, laini.

Na niseme hili mapema, mbwa aliyefungwa mnyororo tangu alfajiri mpaka saa mbili usiku hatafuni kwa sababu anapenda, ana upweke na amechoka kukaa. Mtembeze kwanza. Hakuna mdoli utakaomaliza shida hiyo, hata ununue duka zima.

Hatua ya 2: Ukucha na goti

Ukiwa dukani, kabla hujauliza bei, bonyeza ukucha wa dole gumba kwenye mdoli kwa nguvu. Ukibonyea au ukibaki na alama, endelea kuuangalia. Ukucha ukiteleza kama unakwaruza sahani, rudisha ulipoutoa. Halafu jiulize, huu nikijigonga nao gotini itakuwaje? Kama ukiwaza tu unakunja uso, ni mgumu mno. Vipimo hivi viwili vinatumika hata na madaktari wa mifugo, wala sio mambo ya kubahatisha.

Sasa pitisha vitu tunavyowapa mbwa wetu kwenye vipimo hivyo. Muundi wa ng'ombe, unafeli. Kwato, inafeli. Pembe, inafeli. Mfupa wa nailoni ngumu unaouzwa kwenye pakiti nzuri yenye picha ya mbwa anacheka, mwingi unafeli, na huo nao niliwahi kununua. Barafu ya vipande inafeli. Kama mbwa wako ana tabia ya kubeba mawe uani, yaondoe, maana jiwe linamaliza meno polepole na huoni chochote mpaka siku yanabaki vigingi.

Najua kuna mtu atasema mbwa wa kijijini kwetu wamekula mifupa miaka yote na hawana shida. Umewahi kumfunua mmoja mdomo ukatazama magego ya nyuma? Mimi baada ya ile kesi ya Jeshi nilimfunua wa baba mkubwa kule kijijini, mbwa mpole sana yule, magego mawili yamekatika na moja lina usaha chini ya jicho, na baba mkubwa mwenyewe akashangaa, alikuwa anadhani kile kivimbe amegongwa na mbuzi.

Mfupa uliopikwa ni balaa lake peke yake. Ukipikwa unakauka na ukipasuka unatoa ncha kama sindano, ya kuku na mbavu za mbuzi ndo mbaya zaidi, inachoma koo au utumbo, na ile inayosagika inakwenda kugandamana kwenye njia ya haja kubwa kama saruji, mbwa anakunja mgongo anakamua analia. Mbichi haupasuki ovyo kama huo, ila jino unavunja vile vile, na unaweza kuwa na bakteria kama salmonela ambao mbwa atawapaka sakafuni na mtoto wako anatambaa hapo hapo.

Hatua ya 3: Saizi, na usidanganywe na neno "kubwa"

Mdoli usiweze kuingia wote nyuma ya chonge, yale meno manne marefu yenye ncha. Ukiingia wote, mate yakishaulowanisha unateleza hadi kooni, na hapo ulimi hauna nguvu ya kuurudisha, kila akivuta pumzi unazidi kukaza. Mipira inatisha kuliko umbo lolote lingine kwa sababu duara linaziba njia yote, haliachi hata upenyo.

Mpira wa tenisi unapenya hapa kirahisi kwa mbwa mkubwa maana unabinyika, anaukunja, unaingia, halafu unajikunjua ndani. Na ule manyoya wake ukishashika mchanga unakuwa msasa, mbwa anayeutafuna kila siku meno yanalika bapa. Kurushiana dakika kumi halafu ukauweka kabatini sina neno, lakini sio wa kuachiwa alale nao.

Kingine ambacho watu wengi hawakijui ni tundu. Mdoli wenye uwazi ndani lazima uwe na matundu mawili. Ukiwa na tundu moja, ulimi unaingia, hewa inabanwa nje, unanyonya ulimi kama chuku, ulimi unavimba na hautoki. Dukani puliza hewa upande mmoja, ukiisikia inatoka upande wa pili ni sawa.

Pakiti nyingi zimeandikwa kilo za mbwa. Kama wako yupo katikati ya saizi mbili, chukua kubwa. Kama una mbwa wawili, mmoja mkubwa na mmoja kijapanizi kile cheupe, nunua kwa kipimo cha mkubwa, kwa sababu mdoli wa mdogo utaishia mdomoni mwa mkubwa, hiyo ni lazima, ni suala la muda tu.

Hatua ya 4: Umetengenezwa na kitu gani?

Raba asilia nene ndo jibu langu kwa wasagaji. Kuna hadithi ya kweli kuhusu hili ninayoipenda. Miaka ya 1970 kule Colorado, Marekani, jamaa anaitwa Joe Markham alikuwa na jamani shefadi wake, Fritz, aliyekuwa anatafuna mawe. Siku anatengeneza basi dogo la Volkswagen akawa anamrushia vyuma na vipuri asahau mawe, mbwa hana habari, hadi aliporusha kipande cha raba cha kwenye mfumo wa springi, Fritz akakidaka na hakukiacha tena. Umbo lile la mabonge matatu yaliyopandana, lenye uwazi ndani, ndo mdoli unaoitwa KONG mpaka leo. Mwekundu ni wa mbwa wa kawaida, mweusi ni wa wale wenye taya za hatari, na kuna laini za watoto na za wazee. Sio lazima ununue huo, ila ukishaushika mkononi mara moja unakuwa na kipimo cha kulinganisha na mingine.

Na ya kulinganisha ipo tele, feki kwa originali, Kariakoo yote imejaa. Mimi nafanya hivi: naunusa kwanza, ukinuka mafuta ya taa au rangi mpya mpaka macho yanawasha sichukui, mbwa anakaa nao mdomoni saa zima. Halafu naingiza kidole tunduni na kubinya ukuta, nikihisi vidole vyangu viwili vinakutana kirahisi ni mwembamba, msagaji ataukata siku hiyo hiyo. Naukunja na kuutazama pale unapojikunja, ukitoa mistari myeupe au vinyufa hiyo ni plastiki iliyopakwa jina la raba. Mwisho natafuta mshono, macho ya kubandika, kengele, kofia, kitu chochote cha kubandua. Mbwa naye ataanzia hapo hapo.

Rangi? Kama utaurusha kwenye majani chukua wa bluu au njano, mbwa anaziona vizuri hizo, nyekundu kwake inapotea kwenye kijani. Kwa kutafuna ndani ya banda rangi haina maana yoyote.

Kamba za kuvutana zinauzwa sana na mbwa wanazipenda, tatizo ni nyuzi. Uzi mrefu ukimezwa unaweza kunasa mwanzoni huku utumbo unauvuta kwenda mbele, utumbo unajikunja kama sketi ya marinda na uzi unaukata kama msumeno. Kamba ni ya kuvutana wewe na yeye, mkishamaliza inapanda juu ya kabati. Midoli ya manyoya yenye sufi na kile kidude kinachopiga mlio, kwa mtafunaji mkali usinunue, lengo lake zima ni kukifikia kile kidude na akikifikia anakimeza. Ngozi kavu zilizofungwa fundo nazo hapana, zikilowa zinavimba na kuteleza, na fundo likifunguka lote linaenda.

Hatua ya 5: Vya bure vinavyozagaa nyumbani

Gunzi la mahindi nalitaja la kwanza makusudi. Mbwa halimeng'enyi, linakaa tumboni hata wiki kadhaa halafu siku likishuka linaziba utumbo kama kizibo, na mjini kila kituo cha daladala kina jiko la mahindi ya kuchoma na magunzi chini. Ukitembea naye macho yako yawe chini kama unatafuta hela iliyodondoka. Msimu wa maembe kokwa nalo hivyo hivyo, linateleza na saizi yake ni kama limepimwa kuziba utumbo.

Ndala kuukuu watu wanawapa, "si imeshakatika bwana". Ile spongi inakatika mabonge yanayomezeka, na mbwa hajui ndala kuukuu na viatu vyako vya harusi vina tofauti gani, umeshamwambia viatu vinaliwa. Kipande cha tairi kina nyaya za chuma ndani. Kifuu cha nazi kinafeli ukucha na goti vyote, na makumbi yake ni yale yale ya nyuzi. Chupa ya maji inatoa kingo zinazokata fizi.

Vijiti navyo, kwanza vinapasuka na kuchoma kaakaa na koo, pili huenda ni vya mti mbaya. Minyaa ya uzio ile maziwa yake inaunguza mdomo na macho. Ile oleanda ya maua ya pinki inayopandwa mbele ya mageti ni sumu ya moyo, majani, kijiti, kila kitu, ukikata uzio matawi yasibaki uani hata usiku mmoja.

Karoti nzima nene kwa asiyemeza haina shida. Boksi nimeshasema.

Hatua ya 6: Namna ya kumpa

Mdoli mtupu wa raba mbwa wengi wanaunusa na kuuacha, halafu mwenye mbwa anasema "hela yangu imeenda". Lazima uweke kitu. Mimi nachukua ugali wa jana nauponda na maji mpaka ulainike, natia dagaa waliooshwa chumvi ikaisha, naziba lile tundu dogo kwa kipande cha ugali mkavu, najaza bila kukandamiza siku za mwanzo ili atoe kirahisi apate moyo, akishazoea nalaza friza usiku kucha. Usihofu kuhusu barafu hapa, raba ndo inayopokea meno, cha ndani anakilamba kikiyeyuka. Jeshi humchukua kama dakika arobaini, na baada ya hapo analala kama amelipwa mshahara.

Usitie kitunguu maji wala saumu, chokoleti wala zabibu. Siagi ya karanga inafaa ila soma kopo: kuna sukari ya bandia inaitwa zailitoli, kwenye maandishi inaanza na herufi X au wanaweka namba E967, hiyo inashusha sukari ya mbwa ghafla na kuharibu ini, kiasi kidogo tu kinaua. Ukisaga karanga mwenyewe chambua zenye ukungu, sumukuvu mbwa haimpi nafasi ya pili.

Mara tatu za kwanza kaa naye, usimwachie ukaenda kazini. Ukitaka kuuchukua usimvute mdomoni, mpe kitu kingine kizuri, mbadilishane, akiachia sema "acha", wiki mbili tu atajua kwamba kuachia kuna faida. Ukimkimbiza na kumpigia kelele unamtengeneza mmezaji kwa mikono yako.

Hatua ya 7: Kagua, pima, tupa

Kila Jumapili mdoli unaoshwa kwa sabuni na brashi ya chupa, na unakunjwa kunjwa kwenye mwanga. Nina mzani mdogo wa jikoni wa kupimia unga, mdoli ukiwa mpya naupima na kuandika gramu kwa kalamu ukutani karibu na friji (mke wangu ana maoni yake kuhusu huo ukuta). Uzito ukishuka na vipande sivioni sakafuni, najua viko wapi. Punje kama mchele kwa kawaida zinapita zenyewe. Kipande kama ncha ya kidole na kuendelea kinanipa wasiwasi, na kwa mbwa mdogo hata chini ya hapo. Ufa unaoingiza ukucha, bonge lililokatika, tundu lililopanuka, mdoli ni wa jalalani hata kama uliununua wiki jana, hapo ubahili utakutoa hela mara kumi.

Akikabwa utamwona anakwaruza mdomo kwa miguu, anahangaika bila sauti, fizi zinageuka bluu. Kama anakohoa kwa nguvu bado hewa inapita, mpakie mkimbie kwa daktari. Kama hewa haipiti, fungua mdomo, ukikiona kitu kikamate na kukitoa, usisukume vidole bila kuona maana utakizamisha. Kikigoma, mbwa mkubwa simama nyuma yake, zungusha mikono chini ya mbavu, vuta ghafla kuelekea juu na mbele mara kadhaa. Mbwa mdogo mshike kichwa chini. Hata kikitoka mpeleke akaangaliwe.

Utumbo ukiziba inakuja taratibu: anatapika na kurudia, hagusi chakula, tumbo linauma ukiligusa, choo hakuna, amejikunja pembeni. Usimpe mafuta wala chumvi ya kumtapisha, na ukiona uzi unaning'inia nyuma au umejizungusha chini ya ulimi usiuvute hata inchi moja, mpeleke ulivyo. Ukiwa na mabaki ya mdoli beba, daktari atajua anatafuta nini, raba nyingine kwenye eksirei haionekani vizuri.

Wa kwanza wa Jeshi ulidumu miezi saba. Huu wa pili ulikuwa unakwenda mwezi wa tano, jana naukunja kwenye mwanga nikaona ufa kwenye mdomo wa tundu, pale anapoubania kwa upande wa kushoto, upande ambao gego bado analo. Ukucha ukaingia. Nimeshautupa, na sasa hivi naandika hapa yeye amelala mbele ya friza na kusukuma mlango kwa pua, hajui kama ndani kuna dagaa tu na Kariakoo naenda kesho.